Kulipa Siku Nisizodaiwa

Mume wangu anauza nazi sokoni Kongowea. Naanza na hilo kwa sababu nikisema nilifika mahali nikachukia harufu ya nazi, watu hudhani nilikuwa na ugomvi nazo. Sikuwa na ugomvi. Nazi zimenisomeshea watoto wanne, zimenijengea nyumba ya vyumba vitatu hapa Mjambere, na kwa miaka thelathini na moja ya ndoa mchuzi wangu haukukosa tui. Kisha siku moja, saa nne ya asubuhi, nimekaa kwenye mbuzi nakuna nazi ya chakula cha mchana, harufu ikanipanda puani. Nikainuka, nikaenda nyuma ya nyumba, nikatapika chini ya mpapai. Nikarudi, nikanawa, nikakaa tena kwenye mbuzi, nikakuna mpaka mwisho. Nilikuwa na mume wa kulisha.

Wakati huo nilikuwa na miaka hamsini na mmoja, na hedhi ilikuwa imenikatika mwaka na miezi kadha. Kukatika kwenyewe sikukulilia. Nililetewa joto la ghafla, linaanzia kifuani linapanda shingoni mpaka masikioni, nikawa nafungua friji na kusimama mbele yake kama mtu anayetafuta kitu. Binti yangu alikuja kunisalimia akanikuta hapo, akauliza, "Mama, watafuta nini?" Nikamwambia, "Funga mlango wa nje, baridi yatoka." Usingizi nao ukawa unakuja unapotaka. Hayo yote nilikuwa nimeonywa na wanawake walionitangulia. Walinionya pia kwamba nitanenepa, kwa hiyo nilinunua madera mawili makubwa mapema, bei ikiwa bado nzuri, nikangoja unene. Haukuja.

Kilichokuja ni kwamba chakula kiliacha kunihusu. Sijui nieleze vipi. Hakikuwa kibaya, hakikuwa kichungu. Niliuangalia wali kama ninavyouangalia mzigo wa jirani, najua ni mali ya mtu, si yangu. Tonge la kwanza nilitafuna, la pili nalo nikalitafuna, na la pili halikutaka kushuka. Nilikaa nalo mdomoni nikisubiri mtu aangalie pembeni. Na harufu ya nazi ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote. Sasa hebu niambie, mke wa muuza nazi, Pwani hii, atakwenda wapi?

Mume wangu hutoka nyumbani alfajiri, lori za nazi zikiingia sokoni, na hurudi saa saba na nusu baada ya kuswali adhuhuri. Mchana tunakula mimi na yeye, sinia moja, tangu wiki ya harusi. Si mtu wa maneno. Sijapata kumsikia akisema ananipenda, wala sikuwahi kukaa kibarazani nikingoja aseme. Alichokuwa akifanya ni kimoja tu: samaki akija na kichwa, alichomoa ile nyama ya shavu kwa vidole, akaiweka upande wangu wa sinia, akaendelea kula kama si yeye. Kwa wasiojua, shavu la samaki ni kijinyama kidogo mno, na ndicho kitamu kuliko samaki mzima. Mimi nimekula mashavu miaka thelathini na moja. Yeye, sikuwahi kujiuliza anakula nini.

Basi mashavu yakaanza kubaki kwenye sinia. Siku ya kwanza aliliangalia lile shavu, akaniangalia mimi, akaendelea kula. Siku ya tatu akauliza, "Waumwa?"

"Siumwi."

"Mbona huli?"

"Nimeshaonja onja jikoni."

Nilikuwa sijaonja kitu. Na tena likazuka jambo jingine ambalo mpaka leo likinijia kichwani naona haya. Mtu anayeshinda kwenye nazi hunuka nazi. Shati lake, nywele zake, mikono, kote. Kwa miaka yote hiyo ilikuwa ndiyo harufu ya mume wangu na sikuwa hata naisikia. Sasa akikaa karibu yangu, shingo yangu ilikuwa inageuka yenyewe kuelekea mlangoni. Wallahi sikukusudia. Nilikuwa najirudisha, nauliza habari za soko, na huku pua imetazama uani.

Siku ya uongo ilikuwa Jumatatu. Akanawa, akakaa, akasema "Bismillahi," akaningoja. Mimi nikasema, "Leo wewe kula. Nimefunga."

Lilitoka lenyewe. Na kwa kuwa ilikuwa Jumatatu, siku ya watu kufunga sunna, niliupongeza ulimi wangu kwa akili. Kisha nikakumbuka kwamba funga ya sunna mke humwomba mumewe ruhusa kwanza, na mimi sikuomba. Nikaongeza haraka, "Nalipa."

Kulipa hakuna mjadala. Kila mwanamke wa Kiislamu anajua: Ramadhani ikikukuta na hedhi, huzifungi siku hizo, unakuja kuzilipa baadaye, na hakuna mume anayeweza kukuzuia wala kukuuliza sana, maana ni mambo ya wanawake na wanaume wa kwetu huyaonea haya. Ndiyo raha yake. Nilijua hatauliza.

Aliniangalia kidogo. "Nyingi?"

"Chache."

"Haya. Mungu akutakabalie." Akala peke yake, akatazama ukuta.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwema. Lakini Jumanne nayo sikuweza kula, na Jumatano, na nikaona kisingizio kizuri hakitupwi. Nikawa nalipa. Nililipa Rajabu nzima nikaingia Shaabani. Mchana nilikunywa maji nyuma ya mlango wa jiko, na chai ya rangi, na mara nyingine ukwaju wa baridi, kisha nikatoka nimekunja midomo kama mtu aliyefunga. Mungu alikuwa ananiona. Astaghfirullahi, nilikuwa namwambia, wewe wajua, ni hawa wengine wasiojua.

Hawa wengine walinitesa. Nilisahau kwamba Mjambere huwezi kufunga kimya kimya. Habari ilipita ukutani, na magharibi ya siku ya nne mlango ukabishwa: futari. Sahani ya kaimati. Baada ya hapo viazi vitamu vya nazi. Kesho yake mihogo ya nazi, tambi, uji wa pilipili manga, na mtu mmoja akaleta kuku mzima akaniambia, "Niombee dua, dua ya aliyefunga hairudi." Mimi nisiyeweza kumeza tonge nikawa naletewa chakula cha watu sita kila jioni, na nusu yake kina nazi. Na huwezi kumrudishia mtu sahani yake tupu. Atakusema mpaka uhame. Kwa hiyo asubuhi niliamka kupika ili nijaze sahani za watu walionipikia kwa sababu sili. Hesabu hiyo niliifanya mara moja nikaona heri nisiirudie.

Nikatafuta njia ya mkato. Kaimati za huyu nikamjazia yule, tambi za yule nikampelekea huyu. Ilienda vizuri wiki moja. Kisha nikachanganya, nikamrudishia mwenye kaimati kaimati zake mwenyewe. Alizitambua kwa hiliki. Aliniambia mbele ya watu, "Mashallah, umepika kama mimi kabisa," na tukaangaliana muda mrefu.

Na mwili ukawa unapungua. Yale madera mawili makubwa niliyavaa yote mawili kwa pamoja siku moja kuona kama yatajaza, hayakujaza. Pete yangu ya ndoa ilinitoka kidoleni nikikanda unga wa mahamri, nikaipata kwenye hamri la nne. Nikashukuru Mungu nimeipata mimi.

Mtu pekee aliyejua ni jirani yangu wa ukuta mmoja, mama wa Kigiriama anayekaanga mihogo mbele ya nyumba yake. Yeye ni Mkristo wa kanisani Jumapili na Jumatano, na dirisha lake linatazama mlango wa jiko langu.

"Dada," aliniambia siku moja, "mimi sijui dini yenu vizuri. Lakini kufunga kwenu kuna ukwaju?"

Nikamwambia yote. Alisikiliza huku anageuza mihogo. Akasema yeye naye ilipomkatika alipoteza hamu ya kula miezi miwili, akatapika hata maji, akaenda hospitali. "Nenda ukapimwe. Huenda ni umri, huenda ni kitu kingine. Utajuaje na wewe umejifungia jikoni na uongo wako?"

Nikasema nitakwenda wiki ijayo. Sikwenda. Niliogopa, na nilichoogopa si sindano. Niliogopa kuambiwa ni ugonjwa ule ambao watu huutaja kwa kupunguza sauti. Kufunga kulikuwa na heshima zaidi.

Sasa mume wangu. Wiki ya pili ya uongo wangu, aliacha kurudi mchana. Akasema tu, akivaa viatu, "Usinipikie. Nitakula huko huko."

Nilifurahi. Nasema kweli, nilifurahi: hakuna kukuna nazi, hakuna sinia, hakuna shavu la kunikodolea. Furaha ilidumu siku tatu. Siku ya nne alirudi saa kumi na moja akinuka sabuni.

Mniwie radhi, lakini mwanamke wa miaka hamsini na mmoja aliyekatika hedhi, mumewe akaacha kula nyumbani mchana, kisha akarudi jioni amekoga na ananukia, atafikiri nini? Nilimnusa alipopita. Hakukuwa na nazi hata kidogo. Kichwani sabuni, shingoni sabuni, na shati si lile aliloondokea. Nikamuuliza, "Kazi ilikuwaje?" Akasema, "Alhamdulillahi." Akakaa karibu nami kwenye mkeka, karibu kuliko siku nyingi zilizopita, akangoja adhana, akafuturu pamoja nami kwa zile sahani za watu. Alikula vizuri sana. Nikasema moyoni, mwizi, njaa umeitoa wapi na umekula huko huko?

Kila siku ikawa hivyo. Nilimweleza jirani. Akaacha kugeuza mihogo kabisa.

"Mwanamume hakogi mchana bure," akasema.

"Ndiyo nilivyosema."

"Amepata mtu."

"Ndiyo nilivyosema, mbona wanirudia?"

Nikaingia ndani nikalia. Sikulia sana, lakini nililia. Nilijiona mzee, mkavu, madera yananining'inia, na mume nimemfungulia mlango mwenyewe kwa kisingizio cha ibada. Niliona nastahili kabisa. Nikamdanganya Mungu, Mungu akaniletea mke mwenza. Kisha hasira ikapanda, na hasira, tofauti na chakula, ilishuka vizuri. Nikaazima nikabu kwa mpangaji wetu wa chumba cha nyuma, kitu ambacho sijapata kuvaa maisha yangu, na Alhamisi saa sita na nusu nikashuka Kongowea.

Nikabu ina joto. Ukiongeza na joto langu mwenyewe, nilikuwa napikwa. Nikajibanza nyuma ya magunia ya viazi yaliyoteremshwa kutoka bara, macho tu nje, wenye mikokoteni wananipigia kelele "Pisha, mama, pisha!" Nikamwona mume wangu. Amekaa juu ya lundo la nazi, peke yake. Nikangoja mwanamke aje na hotipoti. Nilikuwa nimepanga hata maneno ya kumwambia.

Adhuhuri ikaadhiniwa, akaenda msikitini, akarudi, akakaa palepale. Mwenzake wa nazi akafungua wali na maharage, akamkaribisha. Mume wangu akaweka mkono kifuani, akatikisa kichwa. Muuza maji akapita. Akatikisa kichwa. Nilisimama nyuma ya viazi saa nzima na hakuingiza kitu mdomoni. Nikaanza kufikiri kwamba labda huyo mwanamke anampikia vizuri mno hata anamtunzia njaa.

Kisha akainuka. Nikamfuata mpaka nyuma ya vibanda, kwenye mfereji, bomba la maji la watu wa soko. Akatoa mfuko wa plastiki, ndani una kipande cha sabuni na shati safi lililokunjwa. Akavua shati la kazi. Akaanza kujisugua. Sijapata kumwona mtu mzima akijisugua hivyo. Akasugua mikono mpaka kwenye makwapa, akasugua shingo, akainusa mikono yake, akasugua tena. Akainusa tena. Mwenye mkokoteni aliyekuwa anajaza mtungi akamtania, "Mzee, una harusi leo?" Mume wangu akasema, "Mke wangu hapendi hii harufu siku hizi."

Nilisimama pale na nikabu yangu.

Sikupata hata nafasi ya kuona haya vizuri. Aliinama kuchukua lile shati safi, na hakuinuka. Alikwenda chini taratibu, upande upande, kama gunia linaloegemezwa vibaya. Kipande cha sabuni bado kiko mkononi.

Lazima niseme hapa kwamba mume wangu ana sukari. Ana vidonge vya kumeza asubuhi na jioni, na daktari alimwambia miaka sita iliyopita, mbele yangu, kwamba asikae na njaa. Hata Ramadhani hafungi, analisha maskini badala yake. Hilo nalijua mimi kuliko jina langu, na bado nilipomwona anakataa chakula cha mwenzake nilifikiria mwanamke.

Nilipiga ukelele. Watu walishtuka kuona mwanamke aliyejifunika gubigubi akimrukia mwanamume aliyevua shati. Mmoja akanishika mkono, "Mama, taratibu, huyu ni mume wa mtu." Nikamwambia, "Ni mume wangu!" Akaangalia nikabu, akaangalia mume wangu, wala hakuamini. Ikabidi niivue pale pale sokoni. Wakamlaza kwenye mkokoteni juu ya magunia matupu, wakakimbia naye kuelekea zahanati iliyo karibu, na mimi nyuma nimeshika kipande cha sabuni. Sijui nilikiokota saa ngapi.

Muuguzi alikuwa mwanamke wa bara, mkubwa wa mwili, asiyependa mchezo. Akamtoboa kidole, akaangalia kipimo, akaguna. "Sukari imeshuka sana. Amekula nini leo?"

"Sijui," nikasema.

"Wewe ni nani wake?"

"Mkewe."

"Mke, na hujui." Akaleta maji yenye sukari nyingi, akamwinua kichwa. Mume wangu akafungua macho, akaona kikombe, akafunga mdomo.

"Nimefunga," akasema kwa sauti ndogo. "Bado magharibi."

"Mzee," muuguzi akasema, "magharibi itakuja. Swali ni kama utakuwepo. Kunywa."

Akanywa. Akamaliza kikombe, akaongezwa kingine, rangi ikamrudi usoni kidogo kidogo. Muuguzi akamuuliza kama dawa alimeza. Alimeza alfajiri, vidonge vyote, juu ya maji na tende moja. Kwa siku ngapi? Siku kumi na saba, ukitoa Ijumaa. Muuguzi akageuka kunitafuta mimi anigombeze, akaniona vizuri kwa mara ya kwanza. Nimevua nikabu, jasho linanitiririka, mabega yametokeza kama henga ya nguo.

"Na wewe mama? Mbona umekwisha hivi? Na wewe umefunga?"

Mume wangu alikuwa ananitazama. Ningeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa limezoea kutoka.

"Hapana," nikasema. "Sijafunga. Sikufunga hata siku moja. Chakula hakiniingii, na harufu ya nazi yanitapisha, na niliogopa kusema."

Nilidhani atashtuka. Hakushtuka. Alilala pale, macho juu ya bati, akasema polepole, "Nalijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba hulipi. Huna siku za kulipa. Ramadhani iliyopita ulifunga zote thelathini, mwaka wako wa kwanza. Za nyuma ulizilipa zote, mimi ndiye nilikuwa nakuamsha daku. Nalikuwa nahesabu."

Jamani. Miaka thelathini na moja nilidhani wanaume hawahesabu. Nilidhani wanaona haya.

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Nikaona mke wangu hataki kula na mimi tena, mpaka ameona bora amsingizie Mungu. Na nikikaribia wageuza uso." Akanigeukia. "Nikasema, mchana hanitaki, lakini magharibi lazima afuturu, na majirani wanaleta. Nikifunga na mimi, tutakaa mkeka mmoja. Nitamwona akila hata tende."

Kulikuwa na tende, kweli. Kila magharibi nilikula tende moja mbele yake ili uongo ukae sawa. Mume wangu alikuwa anashinda njaa mchana kutwa, na sukari yake, aje aione ile tende.

Nililia mbele ya muuguzi. Kulia kwa aibu ni kubaya, hakuna pa kuelekeza uso. Nikaushika mkono wake ulionuka sabuni nikaubana. Muuguzi alitungoja kidogo, kisha akasema ana watu kumi nje.

Alinipima uzito, presha, damu, akaniandikia vipimo vingine vya hospitali kubwa. Akasema wanawake wengi hamu ya kula huyumba hedhi ikikatika, na harufu kubadilika hutokea, lakini mtu akikonda hivi hakai nyumbani akijipa sababu, anapimwa. Akakalia kiti, akatoa karatasi, akaandika ya mume wangu: kidogo kidogo, mara sita kwa siku, asikae zaidi ya saa tatu bila kula. Akatoa karatasi ya pili, yangu. Akaandika kidogo, akasimama, akaangalia ile ya kwanza. Akairarua ya pili.

"Tumieni moja," akasema. "Ni yale yale. Mama, vyakula vya baridi kwanza, visivyo na harufu. Maziwa ya mtindi, yai la kuchemsha, tikiti, ndizi. Usingoje njaa, haitakuja. Angalia saa, kula. Na usile peke yako."

Kisha akatoa ndizi mbili kwenye mkoba wake mwenyewe, chakula chake cha mchana nadhani, akatugawia. Mume wangu akaimenya yake akangoja. Nikamenya yangu. Nilikula ndizi ile nzima, mbele yake, kipande kwa kipande, na kila kipande nilikisukuma kwa nguvu.

"Tamu?" akauliza.

"Haina ladha yoyote."

"Haya," akasema. "Kula." Ukiondoa ile sokoni ya "ni mume wangu", hiyo ya ndizi ndiyo ilikuwa kweli yangu ya pili kwake kwa muda mrefu.

Vipimo vilirudi vizuri. Walikuta upungufu mdogo tu wa damu, nikapewa dawa. Majirani niliwaambia nimemaliza kulipa. Wakanipa hongera. Ya Mungu nayamaliza na Mungu mwenyewe, kila siku, na sijui kama amenicheka au vipi. Jirani yangu wa mihogo nilipomwambia mke mwenza wangu ni kipande cha sabuni, alikaa chini.

Nazi sasa anakuna yeye. Ameichukua ile mbuzi akaiweka nje, mbali, chini ya mpapai, anakaa amejifunga msuli wake kiunoni anakuna, wapita njia wanamcheka, naye anawajibu salamu. Mimi nakaa upande upepo unakotoka. Nyama na samaki wangu nachemsha na ndimu, bila tui, wake tui. Kwenye simu yake tumeweka kengele mara sita. Ikilia akiwa sokoni ananipigia, kila mtu anatafuna upande wake, hatuzungumzi.

Mchana amerudi kula nyumbani. Siku ya kwanza nilipika samaki, changu mzima na kichwa chake. Tukakaa, sinia moja. Akachomoa lile shavu kama kawaida, akaliweka upande wangu, akaangalia pembeni. Nililigawa mara mbili kwa kidole, nusu nikamrudishia upande wake.

Akaliangalia. Akalichukua, akalitafuna polepole.

"Kumbe ndivyo lilivyo," akasema.

"Ndivyo lilivyo," nikasema, nikala nusu yangu.